Ushahidi wa Udongo

Katika mambo ambayo mwanadamu hawezi kuyahakikisha kwa macho yake mwenyewe, usafi wa udongo ni moja. Maji machafu hujulikana kwa rangi, chakula kilichochacha hujulikana kwa harufu, na nyumba mbovu hujulikana kwa nyufa zake. Lakini udongo uliotiwa sumu aghalabu hufanana na udongo mwema. Majani huota juu yake, watoto hucheza juu yake, na mvua ikinyesha hutoa harufu ile ile ipendwayo na kila mkulima. Mtu atakaye kukaa juu yake hana budi kutegemea neno la mtu mwingine: neno la aliyepima, la aliyeandika, na la aliyetia sahihi. Kwa sababu hiyo swali la ardhi iliyochafuliwa, ambalo wengi hulidhani ni la mafundi na wakemia peke yao, kwa hakika ni swali la maadili. Ni nani apasaye kushuhudia kwa ajili ya kitu kisichoweza kujisemea, na ushahidi wake uaminiwe kwa masharti gani?

Swali hili huzidi uzito pale ardhi iliyokuwa ya jeshi igeuzwapo kuwa makazi ya raia. Jeshi huishi kwa siri, wala si vibaya kusema hivyo. Askari atangazaye ghala lake la baruti humsaidia adui. Walakini siri iliyokuwa fadhila wakati wa vita huwa hatari wakati wa amani, kwa kuwa mwenye kurithi kambi harithi kumbukumbu zake. Hupewa majengo, barabara na bandari. Hapewi habari za pipa lililofukiwa nyuma ya karakana, wala za shimo lililopokea mafuta machafu kwa miaka 30. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini hapa lipo jambo la kusikitisha zaidi ya methali: waliokilalia kitanda waliwajua kunguni, wakaondoka pasipo kumwambia ajaye.

Mjadala wa maadili usioshika mfano wa kweli huelea hewani. Basi na tutazame mahali pamoja ambapo swali hili limeulizwa kwa muda mrefu na kujibiwa vibaya. Kusini-mashariki mwa jiji la San Francisco, katika jimbo la California nchini Marekani, ipo rasi iitwayo Hunters Point. Gudi la kutengenezea meli lilijengwa hapo tangu karne ya 19, na mwanzoni mwa miaka ya 1940 Jeshi la Wanamaji la Marekani lilikifanya kituo hicho kiwanda kikubwa cha meli za vita. Mwezi wa Julai 1945 manowari iitwayo Indianapolis iling'oa nanga hapo ikiwa imepakia sehemu za bomu la atomiki lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti. Mwaka uliofuata yalifanywa majaribio mawili ya mabomu ya namna hiyo katika kisiwa cha Bikini, na baadhi ya meli zilizopatwa na uchafu wa mabomu hayo zilipelekwa Hunters Point ili zisafishwe. Hapo hapo jeshi liliweka maabara ya kuchunguza mionzi na namna ya kujikinga nayo, iliyodumu tangu 1946 hata 1969. Tena, kabla na baada ya hayo, radiamu ilitumika katika rangi ya kung'arisha nyuso za vipimo na alama za sitaha ili mabaharia wazione gizani. Vitu hivi vilipochakaa vilitupwa, na vingine vikafukiwa pamoja na taka nyingine za kiwanda.

Watu walioendesha kiwanda hicho hawakutoka mbinguni. Wengi walikuwa Wamarekani weusi waliohama majimbo ya kusini wakati wa Vita Kuu ya Pili kufuata kazi, wakajenga maisha yao kando ya lango la kiwanda kwa sababu mitaa mingi ya jiji haikuwapokea. Kiwanda kilipofungwa mwaka 1974 mishahara iliondoka na taka zikabaki. Yafaa tulikumbuke jambo hili mapema katika hoja yetu, maana ushahidi juu ya udongo si deni kwa mnunuzi wa nyumba mpya peke yake. Ni deni pia kwa jirani wa zamani, ambaye hakuchagua kuchafua wala hakuulizwa juu ya kusafisha, lakini upepo uvumapo kutoka kiwandani huingia dirishani mwake.

Mwaka 1989 serikali ya Marekani iliiandika Hunters Point katika orodha ya taifa ya mahali palipochafuliwa kupita kiasi. Eneo hilo lilikuwa la eka 866, zaidi ya nusu zikiwa chini ya maji. Baadaye ikaamriwa kwamba kambi ifungwe kabisa, isafishwe kipande kwa kipande, na kila kipande kikisha kusafika kikabidhiwe kwa jiji ili zijengwe nyumba, maduka na bustani. Shauri lenyewe lilikuwa jema. Jiji lile lina uhaba mkubwa wa nyumba, na hakuna busara katika kuacha ardhi ikae bure nyuma ya seng'enge milele. Mwaka 2004 kipande cha kwanza, kilichokuwa kilimani na kilichokuwa na nyumba na ofisi za jeshi, kilikabidhiwa, na baada ya miaka kadhaa watu wakahamia.

Ili tuone uzito wa kazi ya kupima, tuitazame radiamu yenyewe. Aina yake iliyotumika katika rangi hupungua nusu katika muda wa miaka 1,600 hivi. Kama mtu angalifukia gramu moja yake miaka 1,600 iliyopita, kabla mji wa Kilwa haujajengwa, kabla ya Wareno na kabla ya jiwe la kwanza la Husuni Kubwa, leo angalikuta karibu nusu gramu bado ipo. Dola zote zilizotawala pwani yetu zingalikuja na kupita juu yake, nayo haijamaliza hata hatua yake ya kwanza. Kitu kama hiki hakimsubiri mwanadamu asahau. Mwanadamu ndiye asahauye, nacho hubaki. Kwa hiyo mtu atiaye sahihi kwamba kipande fulani cha ardhi hakina radiamu anashuhudia kwa ajili ya watu ambao hata majina ya lugha zao hatuyajui.

Sasa tuje kwenye tendo lenyewe. Jeshi liliajiri kampuni ya makandarasi ipime udongo, iondoe uliochafuka, kisha ithibitishe kwamba uliobaki ni salama. Mwaka 2012 jeshi liligundua kwamba matokeo ya baadhi ya sampuli hayapatani na mahali zilikodaiwa kutoka. Uchunguzi ulifuata, na ikadhihirika kwamba udongo uliopelekwa maabara haukuchimbwa pale palipoandikwa. Wasimamizi wawili walikiri makosa mahakamani. Udongo uliojulikana kuwa safi ulichukuliwa badala ya udongo wa mahali palipotiliwa shaka, na hati za kuonyesha asili ya sampuli zikajazwa uongo. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba kila mmoja wao amehukumiwa kifungo cha miezi minane. Kampuni ilisema kwamba hayo yalikuwa matendo ya watu wachache waliokwenda kinyume cha amri zake. Wakaguzi wa serikali, walipozipitia hesabu upya, waliona kwamba sehemu kubwa ya vipimo katika vipande kadhaa haiwezi kutegemewa, na ikabidi kazi ya kupima irudiwe.

Tujiulize: watu wale waliharibu nini? Hawakuongeza hata chembe moja ya radiamu duniani. Kama udongo walioukwepa ulikuwa safi, ulibaki safi. Na kama ulikuwa mchafu, ulibaki mchafu kama jana. Mtu apimaye wema na ubaya kwa madhara yaonekanayo tu aweza kusema kwamba kosa lao lilikuwa dogo. Lakini sivyo. Waliharibu kitu ambacho bila hicho ardhi haiwezi kukaliwa kwa amani, nacho ni uwezekano wa kujua. Shamba lenye sumu inayojulikana laweza kuzungushiwa ua, kuchimbwa au kufunikwa, na mtu akakaa ng'ambo ya ua akalala usingizi. Shamba ambalo hakuna ajuaye lina nini halina ng'ambo. Hofu yake hutambaa hata mahali ambapo sumu haijafika. Tena shahidi mmoja wa uongo huwavua heshima mashahidi mia wa kweli. Wapo wapimaji waliofanya kazi yao kwa uaminifu katika Hunters Point, wakachimba pale pale palipoamriwa na kuandika kile kile walichokiona. Nao pia leo hawaaminiwi, maana aliye nje hawezi kuupambanua mkono wao na mkono wa mwenzao.

Tukio moja la mwaka 2018 laonyesha jambo hili waziwazi. Baada ya habari za udanganyifu kuenea, idara ya afya ya jimbo ilikwenda kukipima kile kipande cha kilimani kilichokabidhiwa mwaka 2004, ambacho kabla ya hapo kilichukuliwa kuwa hakina haja ya kupimwa kwa namna hiyo. Chini ya udongo kikapatikana kitu kimoja: alama ya sitaha yenye radiamu, ndogo ya kutosha kutiwa mfukoni. Ikaondolewa, na wakuu wakasema kwamba wakazi hawakuwa hatarini. Yamkini walisema kweli. Lakini nani angaliwatuliza wale wakazi? Zamani waliambiwa kwamba hakuna kitu, na kitu kikapatikana. Sasa waliambiwa kwamba kilikuwa kimoja tu, na kwamba hakidhuru. Neno la pili lilikuja limepanda punda yule yule aliyemwangusha mpanda wa kwanza.

Hapa yanatokea mapingamizi mawili, nayo yastahili kujibiwa kwa adabu, maana husemwa na watu wenye akili.

Wa kwanza husema: Watu hawana nyumba. Kila mwaka unaopotezwa katika kupima na kupima tena ni mwaka ambao familia zinalala ndani ya magari na chini ya madaraja. Tahadhari yenu ni anasa ya watu wenye paa. Pingamizi hili lina nguvu, nami silidharau. Ni kweli kwamba kukawia kuna wahanga wake, nao hawaandikwi katika hati za wakemia. Lakini tazama haraka ilileta nini katika mfano wetu. Aliyebadilisha sampuli aliokoa siku kadhaa za kuchimba, na kazi ikarudi nyuma kwa miaka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu unajengwa kwa fedha na kwa muda ambao ungaliwapa watu nyumba. Tena yapo maswali mengine. Haraka hii ni ya nani? Kama nyumba ni za maskini, mbona maskini ndiye pekee anayetakiwa apunguze haki yake ya kujua ili azipate? Tajiri anunuapo kiwanja hupeleka mpimaji wake mwenyewe. Kumwambia mhitaji kwamba shida yake inamwondolea haki ya kuambiwa kweli ni kumfanya alipe kodi mara mbili, moja kwa fedha na moja kwa mwili.

Wa pili husema: Hakuna udongo safi duniani. Mawe yenyewe yana mionzi, hewa ina mionzi, na ndizi unayokula ina mionzi. Mkitaka usafi kamili hamtajenga hata banda la kuku. Hili nalo ni kweli. Lakini pingamizi hili linajibu swali lisiloulizwa. Hakuna mwenye busara atakaye usafi kamili. Linalotakiwa ni hesabu ya kweli. Mvuvi wa pwani huingia baharini akijua kwamba bahari huua. Ameiangalia mbingu, amesikia habari za upepo, akapima njaa ya watoto wake na ukali wa mawimbi, akaamua. Hatari aliyoikubali kwa kujua ni sehemu ya uungwana wake. Lakini mwenye mtumbwi amfichaye habari za ubao uliooza hakumpunguzia hatari, amemnyang'anya uamuzi. Vivyo hivyo kiasi kidogo cha hatari chaweza kukubaliwa juu ya ardhi ya kambi ya zamani, mradi wakikubali wale watakaoibeba, nao wawe wameambiwa. Hatari ile ile ikifichwa huwa dhuluma, hata kama haikumdhuru mtu.

Kama hayo ni kweli, ni masharti gani yafaa yamfunge shahidi wa udongo? Mimi naona ni matatu.

Sharti la kwanza ni kwamba mdaiwa asiwe hakimu wa deni lake. Katika Hunters Point aliyechafua ndiye aliyeongoza usafishaji, ndiye aliyemwajiri mpimaji, na ndiye aliyetaka kazi imalizike. Yapo mashirika mengine ya serikali yaliyosimamia, ni kweli. Lakini yalisoma karatasi zilizoandikwa na mwajiriwa wa mdaiwa, na karatasi haimwonyeshi msomaji ni mkono gani ulioshika koleo. Mwenye kuchafua alipe gharama, hiyo ndiyo haki. Lakini kulipa gharama kusimpe mamlaka ya kumchagua shahidi. Na majirani, ambao ndio wenye mwili unaoshuhudiwa, wawe na mtu wao siku ya kuchimba, asiyeitwa tu siku ya kusomewa matokeo.

Sharti la pili ni kwamba ujira wa shahidi usitegemee jibu lake, wala upesi wa jibu hilo. Ni rahisi kuwalaani wasimamizi wale wawili, nao walistahili adhabu. Lakini mtu apewaye muda mfupi, na ajuaye kwamba kila udongo mchafu unaopatikana unamwongezea kazi na kumkawiza bwana wake, amewekwa mahali ambapo ukweli una gharama na uongo una faida. Msema kweli hana wajoli, na mwajiri ana wajibu wa kuhakikisha kwamba upweke huo hauwi pia njaa. Simwondolei mfanyakazi hatia yake. Nasema kwamba yapo majumba ya hatia yenye vyumba vingi, na anayeishi ghorofani hujifanya hamjui anayeishi chini.

Sharti la tatu ni kwamba ushahidi uandikwe mahali usipoweza kupotea na kusomwa na kila mtu. Mara nyingi ardhi ya namna hii haisafishwi yote. Sehemu nyingine hufunikwa kwa udongo mpya au lami, na amri hutolewa kwamba pasichimbwe wala pasipandwe mboga ardhini. Amri hiyo ina maana mradi yupo aikumbukaye. Mmiliki wa kwanza huisoma, wa pili huisikia, wa tatu huchimba msingi wa jiko. Sumu ya miaka 1,600 haiwezi kulindwa na barua iliyomo katika saraka ya karani mmoja. Habari za ardhi ziambatane na ardhi kama jina linavyoambatana na mtu, na kila anayeipokea aipokee pamoja nazo.

Msomaji wa huku kwetu asidhani kwamba haya ni mambo ya ng'ambo yasiyomhusu. Majeshi hupiga kambi na kufanya mazoezi katika nchi nyingi, na kila yanapopita huacha kitu. Nchini Kenya, katika malisho ya kaskazini yaliyotumiwa na majeshi ya Uingereza kwa mazoezi, karibu na Archers Post na Dol Dol, watu waliuawa na kulemazwa na mabomu yaliyobaki ardhini bila kulipuka, wakiwamo watoto waliokuwa machungani. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa Wamasai na Wasamburu 228 pauni milioni 4.5. Bomu na radiamu si kitu kimoja. Moja huua kwa kishindo, nyingine hufanya kazi yake kimya. Lakini swali lililo nyuma yake ni lile lile. Mchungaji wa Samburu na mkazi wa San Francisco wote wawili walikanyaga ardhi ambayo mtu mwingine alijua, au alipaswa kujua, ina nini ndani yake.

Falsafa ya maadili imezoea kututaka tuwapende jirani zetu tunaowaona. Ardhi ya kambi ya zamani yatutaka zaidi. Yatutaka tuwe wakweli kwa watu ambao hatutawaona, katika jambo ambalo nao hawataweza kuliona, na kwa muda ambao hakuna mahakama itakayokuwapo kutuhukumu. Miezi minane ya kifungo ikiwekwa kando ya miaka 1,600 yaonyesha wazi kwamba sheria peke yake haiwezi kuubeba mzigo huu. Sheria huadhibu uongo uliogunduliwa; mzigo wenyewe hubebwa siku ambayo mtu yuko peke yake shimoni na mfuko wake wa sampuli, jua linakuchwa, msimamizi anataka jibu, na udongo safi uko hatua chache tu kutoka hapo. Serikali, jeshi na mwenye kampuni wamesaidia kuamua mapema kama siku hiyo mtu yule atakuwa na nguvu ya kuchimba pale panapostahili. Lakini koleo limo mkononi mwake, na watoto watakaocheza juu ya shimo hilo hawana shahidi mwingine.